Siri za Wateja Zisiachiwe Kumbukumbu ya Mtengeneza Programu

Kijana wa Ukunda anayetengeneza mfumo wa kukodisha nyumba za wageni huko Diani hana budi kushika funguo za M-Pesa. Kupitia jukwaa la Daraja, Safaricom humpa mwenye biashara maneno marefu ya siri ambayo mfumo wake huyatumia kujitambulisha kila mgeni anapolipa. Kwa kawaida maneno hayo huwekwa kwenye faili ndogo iitwayo .env, ndani ya folda ileile yenye programu. Akiyapata mtu mwingine, anaweza kutuma kwenye simu za watu maombi ya malipo kwa jina la biashara hiyo, na mwenye nyumba asijue chochote hadi wateja waanze kulalamika. Mara nyingi kinachoizuia faili hiyo isitoke nje ni kumbukumbu ya kijana mwenyewe, akumbuke kuiacha nyuma kila anapoanza mradi mpya, hata saa sita usiku akiwa na kazi inayodaiwa asubuhi. Kumbukumbu si kinga ya kutosha. Kila kompyuta inayotumiwa kuandika programu katika Kaunti ya Kwale, iwe ya kijana huyo, ya hospitali, ya chuo au ya afisi ya kaunti, inafaa kuwekewa orodha moja ya faili zinazopuuzwa katika miradi yote, na iwekwe kabla ya mradi wa kwanza kuanza.

Ili hoja hii ieleweke, ni vyema kujua jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Watengeneza programu wengi duniani hutunza kazi yao kwa Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kundi linalojenga mfumo wa Linux. Folda inayotunzwa na Git huitwa hazina. Kila hatua ya kazi hurekodiwa humo, nani amebadilisha nini na lini, kisha nakala hupelekwa kwenye mitandao kama GitHub ili wenzao waichukue na kuiendeleza. Uzuri wa Git ni kwamba haisahau, na hatari yake iko hapohapo. Mtu akiandika amri ya "git add ." akisahau kuwa faili ya siri imo, faili hiyo inaingia kwenye kumbukumbu pamoja na nyingine zote. Akiifuta kesho yake, itaondoka machoni pake lakini itabaki kwenye historia, na yeyote mwenye nakala ya hazina anaweza kurudi nyuma na kuisoma. Maji yakimwagika hayazoleki. Zipo njia za kuiandika upya historia nzima, lakini ni kazi ngumu, na hazifiki kwenye nakala ambazo tayari ziko mikononi mwa watu. Suluhisho la kweli baada ya kuvuja ni kubatilisha funguo zote na kuomba mpya, na hilo lawezekana kwa funguo tu. Jina na ugonjwa wa mtu haviombewi vipya.

Git yenyewe ina njia ya kuambiwa ni faili zipi isizisogelee. Njia inayojulikana zaidi ni kuweka ndani ya mradi faili iitwayo .gitignore na kuandika humo majina ya vitu vya kupuuzwa. Orodha hiyo husafiri pamoja na mradi, na kila anayeuchukua huipata. Njia ya pili, isiyotajwa sana madarasani, ni orodha ya jumla inayokaa kwenye kompyuta ya mtumiaji na kutumika katika kila hazina atakayoifungua humo, iwe ya leo au ya mwaka ujao. Inawekwa kwa amri ya mstari mmoja, git config --global core.excludesFile ~/.gitignore_global, kisha ndani ya faili hiyo yanaandikwa majina: .env kwa ajili ya siri, *.pem na *.key kwa funguo za kiusalama, .DS_Store inayozalishwa na kompyuta za Apple, Thumbs.db inayozalishwa na Windows, na takataka za vyombo vya kuandikia. Neno --global likibadilishwa kuwa --system na anayesimamia kompyuta, na faili ikawekwa mahali ambapo kila mtumiaji anaweza kuisoma, kanuni hiyo inawahusu wote wanaoitumia mashine bila kujiwekea orodha yao wenyewe ya jumla. Kwa maabara ya chuo ambamo wanafunzi ishirini hupokezana kompyuta moja, njia hii ndiyo bora.

Je, tatizo ni kubwa kiasi cha kudai utaratibu wa kila kompyuta? Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, walichapisha uchunguzi wao kuhusu hazina za wazi za GitHub. Walikuta siri zimevuja katika hazina zaidi ya 100,000, na nyingine mpya zikiongezeka kwa maelfu kila siku. Kampuni ya GitGuardian, inayofuatilia jambo hilo, ilihesabu siri mpya milioni 23.8 zilizomwagwa kwenye hazina za wazi za GitHub katika mwaka 2024 pekee. Ikagundua pia kwamba asilimia 70 ya zilizovuja mwaka 2022 zilikuwa bado zinafanya kazi. Kosa hili haliwapati wanagenzi peke yao. Mnamo Oktoba 2022 Toyota ilitangaza kuwa sehemu ya msimbo, yaani maandishi ya programu, wa huduma yake ya T-Connect ilikuwa imewekwa wazi kwenye GitHub tangu Desemba 2017 hadi Septemba 2022, ikiwa na ufunguo wa kuingilia kompyuta yenye data za wateja. Waliokuwa hatarini ni wateja 296,019. Aliyeiweka hapo alikuwa mkandarasi aliyepewa kazi, na kwa karibu miaka mitano hakuna aliyegutuka. Ikiwa kampuni yenye idara nzima za ukaguzi ilipitwa hivyo, mwenye nyumba tatu za wageni aliyemwajiri kijana mmoja atagutuka vipi?

Wengine hujipa moyo kwamba hazina yao ni ya faragha, haionekani na umma. Mkasa wa Uber unaonyesha udhaifu wa faraja hiyo. Mwaka 2016 wadukuzi waliingia kwenye hazina ya faragha ya wahandisi wa kampuni hiyo huko GitHub, wakakuta humo ufunguo wa ghala lake la data, wakalifungua. Taarifa za wateja na madereva milioni 57 duniani zilichukuliwa. Uber ilinyamaza mwaka mzima, ikawalipa wadukuzi dola 100,000, na mwaka 2018 ikakubali kulipa dola milioni 148 kumaliza kesi na majimbo ya Marekani. Mlango wa hazina ulikuwa umefungwa, lakini uliishia kufunguliwa kwa maneno ya kuingilia yaliyopatikana kwingine. Faragha ya hazina hubadilika pia bila mdukuzi yeyote: kijana huacha kazi akabaki na nakala kwenye laptopu yake, mradi huuzwa, au mtu hubonyeza kitufe kimoja na kilichokuwa cha ndani kikawa cha watu wote. Siri ambayo haikuingizwa hazinani tangu mwanzo haitikiswi na lolote kati ya hayo.

Huku pwani ya kusini, data zinazogusa maisha ya watu hukaa karibu sana na msimbo. Mbali na malipo ya wageni wa Diani, kuna utafiti wa afya. Jaribio la BOHEMIA, lililofanywa Kwale kuchunguza kama dawa ya ivermectin inaweza kupunguza malaria, liliwahusisha watu zaidi ya 20,000. Matokeo yake, yaliyochapishwa Julai 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine, yalionyesha kuwa maambukizi mapya kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26 yakilinganishwa na yale ya waliopewa dawa nyingine. Utafiti wa kiwango hicho hauwezekani bila programu za kukusanya na kuchambua takwimu, na wanasayansi siku hizi huhimizwa kuuweka wazi msimbo wa uchambuzi ili wenzao waupime. Ni desturi njema. Lakini folda yenye msimbo wa kuwekwa wazi inaweza pia kuwa na jedwali lenye majina ya watoto, vijiji vyao na majibu ya vipimo vyao. Hospitali ya rufaa ya Msambweni, au zahanati yoyote inayoanza kutumia mfumo wa kompyuta, itakumbana na ujirani huohuo wa msimbo na siri. Hapa hakuna anayetuhumiwa kuvujisha kitu. Wakati wa kuweka kanuni ni huu, kabla hakijavuja.

Sheria ya Kenya tayari inadai fikra hii, ingawa haitaji Git. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 41, inamtaka anayeshika data za watu aweke hatua za kiufundi na za kiutawala ili ulinzi uwe sehemu ya muundo wa mfumo na uwe ndio hali ya kawaida, bila kungoja mtu auombe. Data zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika, mwenye kuzishika ana saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kutegemea ipi ni ndogo. Nazo si faini za karatasini tu: mnamo Septemba 2023 afisi ya Kamishna Immaculate Kassait iliitoza shule moja, klabu moja ya burudani na kampuni moja ya mikopo ya simu jumla ya zaidi ya shilingi milioni 9. Klabu ilikuwa imechapisha picha ya mteja bila idhini yake. Ikiwa picha moja inaweza kuleta faini, mwenye hoteli naye ajiulize atamjibu nini Kamishna akiulizwa alikuwa ameweka kinga gani dhidi ya kuvuja kwa orodha ya wageni wake. "Tulimwambia kijana awe mwangalifu" si jibu la kifungu cha 41.

Nguvu ya kanuni iliyowekwa mapema imepimwa katika mambo mengine. Mwaka 2001 Brigitte Madrian na Dennis Shea walichapisha uchunguzi wa kampuni moja ya Marekani iliyobadilisha utaratibu wa akiba ya uzeeni: badala ya mfanyakazi kujaza fomu ili aingie, aliingizwa moja kwa moja na akabaki na hiari ya kujitoa. Walioshiriki walipanda kutoka chini ya nusu hadi asilimia 86. Watu walikuwa walewale kwa tabia, kilichogeuka ni hali inayotokea mtu asipofanya lolote. Wadigo wameijua hekima hii zamani. Katika Kaya Kinondo, msitu mtakatifu ulio kusini mwa Diani, mgeni hufungwa kaniki kabla ya kuingia, na ni marufuku kutoa chochote msituni. Wazee hawakuandika orodha ya miti isiyoguswa na kumtaka kila mgeni aikumbuke. Waliweka marufuku moja mlangoni, na anayetaka ruhusa maalumu ndiye mwenye mzigo wa kuiomba. Orodha ya jumla ya Git inamgeuzia mtu mzigo kwa namna hiyohiyo. Bila orodha, kusahau kunavujisha siri. Ikiwapo, anayetaka kuingiza faili ya siri hazinani lazima akusudie, kwa kuandika git add -f, na kukusudia ni vigumu kufanyika kwa bahati mbaya.

Kuna pingamizi za haki, na ya kwanza hutoka kwa wajuzi wenyewe. Wanasema orodha inayokaa kwenye kompyuta ya mtu mmoja haimlindi mwenzake: kijana wa Ukunda akiwa nayo na mshirika wake wa Nairobi akawa hana, siri itavujia upande wa pili. Kwa hiyo, wanashauri, kila kitu kiandikwe kwenye orodha ya mradi. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli tupu, ila haimalizii pale wanapotaka. Mwongozo wa Git wenyewe unagawa kazi: kinachopaswa kupuuzwa na wote kiandikwe kwenye mradi, na kinachotokana na mazingira ya mtumiaji, kama mabaki ya chombo chake cha kuandikia, kiandikwe kwenye orodha yake ya jumla. Siri zinastahili kuandikwa kote kuwili. Orodha ya mradi inawalinda wenzako, na ya jumla inakulinda wewe katika ile nusu saa ya mwanzo, mradi ulipozaliwa na hakuna aliyekumbuka kuuandikia orodha. Hapo ndipo kosa huzaliwa kwa urahisi.

Pingamizi ya pili ni kwamba orodha ya jumla inaweza kuficha faili inayohitajika kweli, na mwanafunzi akapoteza siku nzima akishangaa kwa nini kazi yake haifiki kwa mwalimu. Hili hutokea hasa mtu anapoandika kanuni pana mno, mathalani kupuuza kila faili ya jedwali, *.csv, kwenye kompyuta ambayo kazi yake ni takwimu. Tiba yake ni kuiweka orodha ya jumla iwe fupi: siri na takataka zisizo na utata, basi. Marufuku ya majedwali yaandikwe kwenye mradi wenye data za wagonjwa, ambako kila mshiriki anajua sababu yake. Kisha kuna kinga mbili ndani ya Git. Orodha ya jumla ndiyo yenye uzito mdogo kuliko zote, hivyo mradi unaweza kuitangua kwa alama ya mshangao mwanzoni mwa mstari, kama vile !.env.example kwa faili ya mfano isiyo na siri, endapo orodha ya jumla inapuuza .env.*. Na anayeshangaa faili yake imekwenda wapi anaandika git check-ignore -v pamoja na jina la faili, ajibiwe ni orodha gani na ni mstari wa ngapi ulioizuia.

Ya tatu ni nzito zaidi: kwamba kinga hii huwapa watu usingizi wa pono. Ni kweli haizuii kila kitu. Haiigusi faili ambayo Git ilikuwa imekwisha kuirekodi, mpaka iondolewe kwa git rm --cached. Haimtambui mtu aliyeandika ufunguo katikati ya msimbo badala ya kuuweka kwenye .env. Kanuni ya .env peke yake haikamati .env.production. Lakini kinga kuwa na mipaka si sababu ya kuiacha, ni sababu ya kuifundisha pamoja na mipaka yake. Tena orodha hii inafanya kazi ikiwa tu siri zina mahali pake maalumu, kwa hiyo anayeifuata hulazimika kuzitoa funguo ndani ya msimbo na kuziweka kando, na tabia hiyo ina thamani kuliko orodha yenyewe.

Wapo pia wanaosema GitHub imekwisha kutufanyia kazi hii. Tangu mwishoni mwa Februari 2024, huduma yake ya kuzuia siri zisipandishwe kwenye hazina za wazi inafanya kazi bila mtumiaji kuiwasha, baada ya kampuni hiyo kugundua siri zaidi ya milioni 1 zilizovuja katika wiki 8 za mwanzo za mwaka huo. Hatua hiyo inaunga mkono hoja ya makala haya, kwani hata GitHub iliona hiari haitoshi. Lakini chombo hicho hutambua funguo zenye umbo linalojulikana, za kampuni zinazojulikana. Orodha ya watoto waliopimwa malaria Msambweni haina umbo hilo, na kwa mashine ni faili kama faili nyingine.

Linalotakiwa kufanywa ni jepesi kulitaja na jepesi kulitenda. Vyuo vya ufundi vya kaunti na tawi la Kwale la Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa viweke orodha hiyo kwenye kompyuta za maabara zao, na somo la kwanza la Git lianze nayo kabla ya kurekodi chochote. Idara ya teknolojia ya kaunti iiandike kwenye masharti ya zabuni zake za mifumo. Mwenye hoteli au nyumba za wageni, ambaye hana haja ya kujua Git, aongeze sentensi moja kwenye mkataba wake na fundi: siri za malipo na taarifa za wateja zisiwe hazinani, na kompyuta zinazotumika ziwe na kinga ya jumla. Watafiti, ambao tayari huomba idhini ya kamati za maadili kabla ya kumgusa mtu, waeleze kwenye maombi hayo jinsi msimbo utakavyotenganishwa na data. Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji bajeti mpya.

Mama aliyempeleka mwanawe kupimwa na mgeni aliyelipia chumba Diani hawajui Git ni nini, na hawana sababu ya kujua. Walitoa majina na namba zao kwa sababu waliombwa na mtu waliyemwamini. Siku siri hizo zikivuja, aliyesahau ataomba radhi na kubadilisha funguo, ilhali wao watabaki na namba zao mikononi mwa matapeli na ugonjwa wa mtoto wao ukisomwa na wasiowajua. Madhali hasara haimwangukii anayesahau, si haki kumwachia yeye peke yake kuamua kama atakumbuka.